Mistari ya Mayu

Jumanne ilikuwa siku ya majani. Siku hiyo wakulima walikuja ofisini kwangu, kila mmoja na jani lake bovu, wakakaa kwenye benchi wakisubiri niwaambie linaumwa nini. Mimi nilikuwa bibi shamba wa kata, mbele kidogo ya Usagara, na mwaka ule wa tisini na sita majibu yangu yalikuwa mawili tu. La kwanza: linahitaji mbolea, na mbolea hakuna. La pili: linahitaji dawa, na dawa hakuna. Zamani ushirika ulileta vyote viwili kabla mvua hazijaanza. Sasa ghala la ushirika lilikuwa na kufuli, popo wanaishi ndani bila wasiwasi, na mimi nilikuwa nikilipwa mshahara, unapokuja, ili niwaeleze watu kwa ufasaha kabisa kwa nini mazao yao yanakufa.

Jumanne moja ya mwezi wa pili nikamwona Mayu kwenye benchi. Mayu ni mama, kwetu Usukumani, na huyu ni Suzana Kashindye aliyenizaa. Alikuwa na miaka sitini na nane na alikuwa ametembea maili nne. Angeweza kuja nyumbani kwangu jioni, nikamchemshia chai, tukazungumza. Hakutaka. Upendeleo aliuona kuwa ugonjwa wa watu wa mjini. Alikaa nyuma ya mzee mwenye jani la muhogo, akasubiri zamu yake.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mtaalamu," akajibu, maana alipenda kunitania, kisha akaweka mezani gazeti lililokunjwa na kuanza kulikunjua.

Nililijua jani lile kabla hajamaliza. Vidole saba vyembamba, kingo zenye meno. Nikalifunika kwa daftari la mahudhurio haraka hata kalamu ikaanguka.

"Hili umelitoa wapi?"

"Shambani."

"Shamba la nani?"

"Kwani nina mashamba mangapi, Teodora?"

Nje, mzee wa muhogo alikuwa bado anafunga kamba baiskeli yake. Nikashusha sauti. Yeye hakushusha ya kwake. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu aliyeleta jani la nyanya, kwamba majani ya chini yanageuka njano na kudondoka, ya juu bado yana kijani, na shina limedumaa. Alitaka kujua inaumwa nini.

"Inaumwa kufungwa jela," nikamwambia. "Rudi ukaing'oe leo hii."

"Nimekuuliza inaumwa nini. Sijakuuliza niifanye nini."

Nikamkumbusha kwamba bangi ni kosa. Akauliza, "Si wewe uliyesimama kwenye mkutano ukatusomea ile karatasi? Kwamba sasa ni soko huria, mkulima yuko huru, atamuuzia mnunuzi yeyote amtakaye?"

"Karatasi ilisema pamba, Mayu."

"Pamba yangu imelala ndani tangu mwaka juzi. Hao wanunuzi wa karatasi yako walikuja mara moja, wakaishika, wakasema ni chafu, wakaondoka na gari lao. Mwaka jana funza wamekula vitumba vyote kwa sababu dawa hakuna. Mahindi umeyaona. Nimechoka kulima vitu vinavyokufa."

Akalikunja gazeti lake, akaaga kwa adabu, akatoka. Nilikasirika. Lakini nitasema ukweli: nilipokuwa nimekasirika hivyo, upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa umeshajibu swali lake. Njano inayoanzia chini ni njaa. Mmea unakula majani yake wenyewe ya zamani ili kulisha machipukizi. Na shamba la Mayu ni kichanga cha mteremkoni, tunakiita luseni, kinachoteleza hadi kwenye matete ya ziwa. Kikinyeshewa mvua mbili kubwa hakibaki na kitu cha kumlisha mtu wala mmea.

Mbegu alipewa na Nestory. Kila mtu wa pande zile alimjua Nestory, kwa sababu kwa miaka kumi na mitano alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, yule anayesimama kwenye mizani ya pamba na penseli sikioni. Chama kilipokufa, yeye hakufa nacho. Akafungua duka mjini, Mabatini, akanunua pikapu, akaanza kuzunguka kwa wakulima wale wale aliowajua kwa majina, akiwaambia kwamba sasa ananunua kwa jina lake mwenyewe. Mayu alimwamini kwa sababu alimzoea. Mtu aliyekupimia pamba maisha yako yote akikuletea mbegu, unauliza zipandwe lini, basi.

Nilikwenda shambani Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nikiwa nimedhamiria kuing'oa yote. Mayu alikuwa ameificha katikati ya mahindi, na nilipotokea pale nilisimama. Bangi niliyokuwa nimeiona kwa watu wengine, na bibi shamba huiona, hata akijifanya hajaiona, ilikuwa imetupwa tupwa kwenye magugu au kati ya maboga, kiasi kwamba mwenyewe angeweza kuapa haijui. Ya Mayu ilikuwa imepandwa kwa kamba. Mistari tisa, kila shimo na mwenzake kwa hatua ile ile, palizi safi hata ungeweza kuanika udaga wa muhogo pale chini. Hakuwa na namna nyingine ya kulima. Mwaka wa sabini na nane alikuwa mkulima bora wa tarafa, na mistari ile tulikuwa tumefundishwa miaka mingi kabla ya hapo, wote wawili, na bwana shamba mmoja, mimi nikiwa msichana wa shule nimeshika ncha moja ya kamba na yeye ameshika nyingine.

Ila alikuwa amekosea kitu. Baada ya kunyimwa jibu ofisini, alikwenda zizini akachota samadi mbichi, bado ina moto, akaisindilia kwenye mashina. Majani yalikuwa yameungua kingo, yamejikunja. Mayu alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa tatu, anaifukua kwa vidole.

"Hata hii inanifia," akasema, na nikaona machozi yake. Sikuwahi kumwona Mayu akilia kwa sababu ya mmea. Alimzika baba kwa macho makavu.

Ndipo nilipofanya nilichokifanya. Nilichukua jembe mkononi mwake. Nikaiondoa samadi ile yote. Nikamwonyesha rundo la zamani nyuma ya zizi, lililooza, jeusi, linalonukia udongo na si ng'ombe, nikamwambia atumie lile, aliweke kwa pete, shubiri moja kutoka kwenye shina, asiliguse shina kamwe. Tulifanya pamoja hadi jua likasogea juu ya maji. Na kesho yake nilirudi na makopo mawili ya mbolea ya chumvichumvi niliyoyachota kwenye mfuko wa shamba la mfano la kata, mfuko pekee tulioletewa mwaka ule, nikamwelekeza aweke kiasi kidogo sana baada ya mvua. Kwa nini? Nimejiuliza. Miaka mitatu nilikuwa nawaambia watu hakuna, hakuna, hakuna. Kwa mara moja nilitaka kumwambia mtu fanya hivi, naye afanye, na kitu kipone.

Kilipona. Baada ya wiki tatu ile njano ilikuwa imekwisha, na kijani chake kilikuwa kizito, karibu na bluu. Mayu akaanza kuimba tena shambani. Mimi nikaanza kukosa usingizi, kwa maana makopo yale mawili hayakutosha mahindi. Mahindi yalibaki kiunoni, yamekonda, rangi ya majani makavu, na katikati yake bangi ikapanda hadi kifuani, kisha kichwani. Kile kilichotakiwa kuificha sasa kilikuwa kinaionyesha. Ukiwa barabarani juu ya mteremko uliona shamba la njano lenye kiraka cha kijani katikati kama kiraka kipya kwenye suruali kuukuu.

Nilimwambia. Akasema Nestory anakuja mwezi wa nne. Nilimwomba avune mapema. Akasema bado, mtaalamu, wewe mwenyewe unajua bado. Siku moja alfajiri nilikwenda nikang'oa miche mitatu kwa mikono yangu. Nilipoinua kichwa Mayu alikuwa amesimama mlangoni kwake ananiangalia, hasemi. Ule ukimya ulinishinda. Kama angenitukana ningeendelea hadi mstari wa tisa. Nikaiacha ile mitatu palepale nikapanda baiskeli nikaondoka, mwanamke mzima wa miaka arobaini, mtumishi wa serikali, nakimbia macho ya mama yangu. Nilipopita tena wiki iliyofuata mapengo yote matatu yalikuwa yamejazwa miche midogo, kama tunavyoelekeza.

Nikaenda Mabatini kwa Nestory. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia soda, akaulizia afya ya Mayu kwa heshima zote. Nilimwomba aichukue ilivyo, wiki hiyo hiyo, au aende akamwambie Mayu kwamba haitaki tena, ili Mayu aing'oe mwenyewe.

"Dada Teodora," akasema, "mimi ni mnunuzi tu. Mkulima akiwa tayari, nakuja. Asipokuwa tayari, mimi ninaingiaje? Siku hizi hakuna kumlazimisha mkulima."

Nilimuuliza, na msako wa polisi ukipita?

"Sina shamba mimi," akajibu, akaniongezea soda.

Msako ulipita Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa nne. Sikuambiwa. Nilikuwa naosha vyombo, mtendaji wetu wa kata, Masalu, akafika na baiskeli, akasimama mbali na kizingiti. "Afande anamwomba mtaalamu," akasema. Nilimuuliza wapi. Akashughulika na kengele ya baiskeli yake, akasema twende tu. Tulipoiacha barabara kubwa na kuanza kuteremka kuelekea ziwani, nikaelewa, nikashuka nikaisukuma baiskeli.

Landrova ilikuwa imesimama kwenye kichwa cha shamba. Askari walikuwa wameshapita kwa majirani wanne. Kwa Dorotea, anayepakana na Mayu, walikuta miche kumi na kitu kati ya maboga, na Dorotea aliapa imejiotea, ndege wameileta. Afande akaamuru ing'olewe, akamfokea, akamwacha. Kila mmoja alisema imejiotea, na kila mmoja aliachwa. Ndivyo msako ulivyokuwa: wanang'oa, wanafoka, wanakwenda. Masalu alinieleza hayo yote kwa haraka njiani, nadhani alikuwa ananipa neno la kusema.

Afande aliitwa Inspekta Pius. Alikuwa amehamishiwa wilayani kwetu mwezi uliopita, hamjui mtu. Mayu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, wamemleta hadi pale shambani, mikono juu ya magoti. Niliona kwamba walikuwa wamemsalimu; kijana mmoja askari alikuwa amemshikia kikombe cha maji.

"Mtaalamu," Afande akaniambia, "wewe ndiye uliyesomea. Niandikie maelezo kwa ajili ya jalada. Lakini kwanza niambie kwa mdomo. Haya yamejiotea au yamepandwa?"

Niliangalia. Nina miaka kumi na saba katika kazi hii na sijapata kuona shamba zuri kama lile. Hakuna jani lililokuwa na kasoro. Pete za samadi zilikuwa zimelala shubiri moja kutoka kila shina, zote sawa, kana kwamba zimechorwa kwa sahani.

"Yamejiotea," nikasema.

Askari mmoja alianza kucheka, akageuza kuwa kikohozi. Afande hakucheka. Alikwenda hadi mwisho wa mstari wa kwanza, akafumba jicho moja, akaangalia mstari wote kama fundi anavyoangalia ukuta. Akarudi.

"Ndege wa huku wana kamba," akasema.

Nilitaka kusema tena kwamba yamejiotea. Ningesema hata mara mia. Lakini Mayu aliinuka kwenye kigoda.

"Nimepanda mimi, mwanangu," akamwambia Afande. "Huyu ni binti yangu. Ananionea huruma."

Afande akanigeukia taratibu. "Ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Na hii mbolea? Hii si kazi ya mtu wa kubahatisha. Nani amefundisha hivi?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Mimi ni mkulima bora wa tarafa," Mayu akasema, na alijinyoosha akawa mrefu kuliko nilivyomzoea. "Mkuu wa wilaya alinipa plau mbele ya watu, mwaka wa sabini na nane. Unadhani nasubiri mtoto niliyemzaa mwenyewe aje anifundishe samadi? Huyu nilimletea jani, akanifukuza ofisini. Waulize watu waliokuwa kwenye benchi."

Masalu alitingisha kichwa kukubali, macho chini. Afande alikuwa bado ananiangalia mimi, anasubiri. Alinipa muda wa kutosha, siwezi kumlaumu. Katika muda ule nilifikiria makopo mawili, mfuko wa serikali, kazi yangu, watoto wangu wawili, na nikafunga mdomo. Hakuna siku nimejichukia kama ile, na hakuna siku nimeshindwa kabisa kujua ningefanya nini kingine.

Afande alinipa karatasi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nikiandika yamejiotea, atalazimika kuuliza kwa nini mtaalamu wa serikali anasema uongo, na hilo litakuwa jalada jingine. Nikabaki nimeshika kalamu. Ndipo Mayu akaniambia kwa Kisukuma, bila kunitazama, niandike. Tukiingia jela wote wawili, nani ataniletea sabuni?

Niliandika nikiwa nimeegemea boneti la Landrova, bado lina joto. Mstari wa kwanza nilioandika Afande alisema hautoshi, mahakama inataka kujua kama mimea ilitunzwa au la. Kwa hiyo niliandika kama tunavyoandika ripoti ya ukaguzi, kwa sababu sikujua namna nyingine. Miche mia moja na kumi na sita. Imepandwa kwa mistari iliyonyooka, nafasi sawa. Mapengo yamejazwa kwa wakati. Palizi safi. Samadi iliyoiva, imewekwa kwa kiasi na umbali unaofaa. Hakuna dalili ya upungufu wowote wa chakula cha mmea. Hali ya mimea kwa jumla: nzuri sana. Nikatia sahihi, nikaandika cheo changu. Hapakuwa na neno hata moja la uongo katika karatasi ile. Kisha wakaanza kung'oa, mstari kwa mstari, na Mayu akaketi tena kwenye kigoda akiwatazama hadi walipomaliza.

Kesi haikuchukua muda, maana alikuwa amekiri. Nilikaa benchi la nyuma. Mahakama ilijaa watu wa kesi nyingine, watoto wachanga wanalia, feni haifanyi kazi. Hakimu alieleza kwamba mshtakiwa ni mtu mzima sana na ni kosa la kwanza, na kwamba angependa kumhurumia, lakini hili halikuwa jambo la kupitiwa. Hili lilikuwa shamba. Akasema ushahidi wa mtaalamu hauachi shaka, akaishika karatasi yangu, akaisoma yote kwa sauti.

Mayu alikuwa ameinamisha kichwa kizimbani. Hakimu alipofika kwenye mistari iliyonyooka, aliinua uso. Alipofika kwenye samadi, alianza kunitafuta kati ya watu. Alipomaliza, hali ya mimea kwa jumla nzuri sana, macho yetu yalikutana, na midomo yake ilikuwa inatetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anajaribu kuzuia tabasamu, kama mtu anayeona si vizuri kujivuna mbele za watu.

Akahukumiwa miaka mitatu. Sijui kama alisikia.

Walipompitisha mlangoni nilisukuma watu hadi nikamfikia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha wiki ile nzima. Hakunipa nafasi. Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake ule mkavu.

"Kumbe shamba uliliona," akasema. "Mbona hukuniambia ni zuri hivyo?"